Maabara Inatupima Sisi, Nani Anaipima Maabara?

Tembea kutoka stendi ya matatu ya Kisii mjini hadi lango la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, uhesabu mabango ya maabara. Utachoka kabla hujafika. Malaria, taifodi, brusela, H. pylori, sukari, mimba. Majibu baada ya dakika kumi na tano. Ukienda Keroka utayakuta, Ogembo utayakuta, Nyamira mjini, Keumbu, Nyansiongo na Kebirigo vilevile. Bei imeandikwa, nambari ya simu imeandikwa, na ya kulipia kwa M-Pesa pia. Sijaona hata bango moja linalosema katika kila majibu mia yanayotoka humo ndani ni mangapi ya kweli.

Swali hilo haliulizwi Gusii. Mgonjwa haulizi kwa sababu anaumwa na ana haraka. Mwakilishi wa wadi haulizi kwa sababu anataka kukata utepe wa jengo jipya. Afisa anayetoa leseni hukagua kama kuna sinki, kama kuna kiti, kama cheti kimetundikwa ukutani, kisha anaenda zake. Kulingana na sensa ya 2019, kaunti mbili za Gusii, Kisii na Nyamira, zina watu zaidi ya milioni 1.8, na karibu kila mtu mzima miongoni mwetu amewahi kutoka maabara na karatasi mkononi, akaiamini, akaenda kununua dawa, akazimeza. Nasema bila kuuma maneno kwamba karatasi nyingi mno kati ya hizo hazistahili imani hiyo, na kwamba watu walioajiriwa kulizuia jambo hili wamekaa kimya kwa miaka.

Majibu ya uongo ni mabaya kuliko kukosa majibu. Anayekosa majibu hubaki na daktari mwenye shaka, na daktari mwenye shaka humshika mgonjwa tumbo, humsikiliza kifua, humuuliza amesafiri wapi, humwambia arudi kesho. Karatasi ikishasema "positive", shaka inakufa na maswali yanaisha. Nimonia inaendelea kumla mtoto huku mama yake akiwa amebeba dawa za taifodi.

Tuanze na brusela, maana ndiyo inayonichoma zaidi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vituo viwili vya afya Kaunti ya Busia. Watafiti walichukua damu ya watu 825 waliokuja na dalili zinazofanana na za brusela. Kila mmoja wetu anazijua dalili hizo: homa, viungo kuuma, kichwa kugonga, uchovu usioisha. Kwanza walitumia kile kipimo cha haraka kinachotumika kote nchini, ambapo tone la majimaji ya damu huchanganywa na tone la dawa kisha mpimaji akatazama kama mchanganyiko utagandana. Watu 162 wakaonekana wana brusela. Kisha damu za watu haohao zikapimwa kwa Rose Bengal, kipimo cha siku nyingi ambacho uwezo wake unajulikana vizuri. Safari hii walipatikana watu wanane. Kipimo kimoja kinasema karibu mtu mmoja katika kila watano ni mgonjwa, kingine kinasema mmoja katika mia. Na vipimo vya kuthibitisha vilipofanywa, karibu wote katika wale 162 walikosa ushahidi wa ugonjwa.

Busia si Kisii, najua. Lakini chupa za dawa ya kupimia ni za aina ileile, mkono unaozitikisa umesomea mtaala uleule, na mgonjwa ana homa ileile. Sijasikia sababu yoyote ya kuamini kwamba chupa hizo hupata akili zikivuka kuja upande wetu.

Sasa fikiria kinachompata mtu baada ya karatasi hiyo. Brusela ya kweli hutibiwa kwa doxycycline asubuhi na jioni kwa wiki sita, pamoja na rifampicin, au pamoja na sindano za streptomycin au gentamicin. Rifampicin ndiyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na tunaigawa kama peremende kwa watu wasio na brusela wala kifua kikuu. Sindano hizo nazo zinaweza kuharibu masikio na figo. Mkulima wa Marani au Nyamache anauza mbuzi kulipia wiki sita za matibabu ya ugonjwa ambao hana, tumbo linachafuka, kazi inasimama, na wiki ya saba bado ana homa. Anarudi kupimwa. Anapimwa kwa chupa ileile! Anaambiwa brusela yake ni sugu.

Taifodi ni hadithi ya namna hiyohiyo. Kipimo cha Widal kilielezwa Paris mwaka 1896, na hadi leo ndicho kinachoendesha biashara ya "sindano za taifodi" katika vichochoro vyetu. Kinatafuta askari wa mwili, si kijidudu chenyewe. Askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, na wanaweza kuchochewa na salmonella za aina nyingine, hata na malaria. Ili Widal iwe na maana yoyote inafaa upime mara mbili, siku kumi au kumi na nne zikipita katikati, uone kama kiwango kimepanda. Nani amewahi kuambiwa arudi baada ya siku kumi? Tunapimwa mara moja, tunaandikiwa "1:160", tunafungwa mpira mkononi na kudungwa ceftriaxone siku tano. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu katika maabara, na hata hiyo huwakosa wagonjwa wengi. Huchukua siku kadhaa, hutaka mashine na mtu aliyefunzwa, na haiwezi kufanyika kwenye chumba cha futi nane kwa nane nyuma ya duka la dawa.

Julai 2025 serikali ilianza kutoa chanjo mpya ya taifodi kwa watoto. Ni hatua njema, na mzazi yeyote anayenisoma ampeleke mtoto wake. Ila nawauliza maafisa wa afya wa kaunti hizi mbili: baada ya miaka mitano mtajuaje kama chanjo imepunguza taifodi Bobasi au Borabu, ikiwa hesabu zenu za taifodi zinajazwa kutoka kwenye Widal? Mtakuwa na majedwali yaliyojaa tarakimu, na hakuna hata tarakimu moja mtakayoweza kuiapia.

Malaria inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyotuzoesha kuamini karatasi. Nyanda za Gusii zilipigwa na milipuko mibaya ya malaria katika miaka ya 1990, na ile iliyofuata mvua za El Niño za 1997 na 1998 wazee bado wanaisimulia. Hofu hiyo ilituachia mazoea ya kuita kila homa malaria. Lakini sisi si watu wa kando ya ziwa. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2015 ulikuta vimelea katika asilimia 27 ya watoto waliopimwa kwenye ukanda wa ziwa, na asilimia 3 tu katika ukanda wa nyanda za juu ambamo Kisii na Nyamira zimo. Mahali ambapo ugonjwa ni haba, kipimo kibovu huzaa wagonjwa wa karatasi kuliko mahali ambapo ugonjwa umejaa.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kuhusu darubini za malaria katika vituo vya serikali nchini Kenya. Slaidi zilizosomwa vituoni zilirudiwa na wataalamu. Ilibainika kwamba maabara za kawaida ziliwanasa asilimia 68.6 tu ya waliokuwa na malaria, na kwamba katika wasiokuwa nayo, ni asilimia 61.5 tu walioambiwa ukweli. Zichukue asilimia hizo uzipeleke kwenye kliniki yenye watu 100 wenye homa, na tuseme kumi kati yao wana malaria kweli. Maabara itawanasa saba na kuwakosa watatu. Katika wale tisini wengine, itawabandika malaria karibu thelathini na tano. Zitatoka karatasi 42 zinazosema malaria, na za kweli ni saba. Na wale watatu waliokosewa ndio wanaoninyima usingizi, kwa sababu mtu wa nyanda za juu hana kinga aliyo nayo mtu wa Mbita kando ya ziwa. Malaria ikimponyoka mpimaji kwenye darubini, inaweza kummaliza mgonjwa kitandani.

Kosa huzaliwaje? Nimesimama kando ya meza ya maabara asubuhi ya siku ya soko na kutazama. Tone zito la damu linatakiwa likauke lenyewe juu ya kioo. Foleni imefika mlangoni, basi kioo kinapitishwa juu ya moto ili kikauke haraka. Moto unazigandisha chembe nyekundu, hazioshwi tena wakati wa kupaka rangi, na vimelea vinafichwa na uchafu huo. Rangi ya Giemsa inatakiwa ichujwe, ichanganywe na maji yenye kiwango maalumu cha uchachu, kioo kikae dakika kumi ikiwa rangi ni ya asilimia kumi. Rangi ya jana inamwagwa juu, saa haitazamwi. Kabla ya kuandika kwamba vimelea havikuonekana, mpimaji anatakiwa apitishe macho kwenye nyuga mia moja za darubini, na kufanya hivyo kwa uangalifu kunakula dakika kadhaa kwa kila mgonjwa. Umeme unapepesa, mtu wa ishirini anagonga dirisha, nyuga mia zinakuwa kumi na tano. Mwishowe inaandikwa alama moja ya kujumlisha, kwa usalama.

Simlaumu yule kijana aliyekuwa mezani. Alikuwa peke yake. Aliomba rangi mpya, hakuletewa. Tangu atoke chuoni hakuna mtu aliyewahi kuchukua slaidi zake mwisho wa mwezi akazisoma upya na kumwambia hapa umekosea, hapa umepatia. Umekaa miaka minane kwenye kiti hicho bila kusahihishwa, utajuaje kwamba macho yako yamezoea kuona kisichokuwepo? Aibu hii ni ya waliomweka pale wakamwacha.

Na hata maabara ikisema ukweli, mara ngapi anayeandika dawa anausikia? Utafiti ule wa 2006 ulikuta kwamba karibu wagonjwa wanane katika kila kumi walioambiwa hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria hivyohivyo. Kusini mwa mpaka, katika hospitali mbili za Moshi, Tanzania, walifuatiliwa watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwaita 528 kuwa wagonjwa wa malaria, ambao ni asilimia 60.7. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Baadhi ya wale wengine walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama ambayo hakuna aliyefikiria kuyatafuta. Utafiti huo ulichapishwa 2013. Kwa nini wodi zetu zisifanyiwe hesabu kama hiyo, na majibu yasomwe hadharani?

Tiba ya hadharani si jambo geni kwetu. Babu zetu walikuwa na ababari, mabingwa waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuachwa na maumivu yasiyokoma. Wataalamu wa ng'ambo walikuja kuwapiga picha na kuandika vitabu kuwahusu. Sisemi turudi huko. Ninachokumbusha ni kwamba omobari alifanya kazi mbele ya ukoo wa mgonjwa, alijulikana kwa jina, na mgonjwa akifa palepale watu wote walijua ni mikononi mwa nani. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, madaktari walifungua fuvu la mgonjwa asiyehitaji upasuaji, kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilibadilishana. Waligundua wakiwa wameshaingia ndani kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haikuwepo. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilistahili. Lakini kwenye maabara ya wadi yetu, chupa mbili za damu zikibadilishana majina hakuna fuvu linalofunguliwa, hakuna kamera inayokuja, na mwenye kuzikwa anazikwa kwa "mapenzi ya Mungu".

Nije kwa ng'ombe, maana Gusii huwezi kusema afya ya nyumba ukaacha zizi. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, na katika kipande hicho mama hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa gredi, akiwakatia nyasi na kuwaletea maji. Ng'ombe huyo ndiye karo ya shule. Akifa, mtoto anarudi nyumbani.

Nilikuwa ndani ya agroveti moja sokoni mama alipoingia, kanga kiunoni, amekimbia.

"Ng'ombe wangu hali tangu jana, na maziwa yamekatika."

"Amezaa lini, mama?"

"Miezi mitatu sasa."

"Hiyo ni ECF, mama. Chukua hii, umdunge mililita ishirini, kesho tena ishirini."

Ilichukua muda mfupi kuliko kununua mkate. Muuzaji hakuuliza kama ng'ombe ana joto. Hakuuliza kama tezi zimevimba chini ya sikio au mbele ya bega, kama kinyesi kimekauka, kama mkojo ni mwekundu. Hakuuliza uzito. Alichomkabidhi ni oxytetracycline. Ndigana kali, ambayo ndiyo ECF, ikishashika haiponi kwa oxytetracycline. Dawa yake ni buparvaquone, tena ikiwahiwa na ikipimwa kwa uzito wa mnyama. Ikiwa ni ndigana baridi, ile inayokausha kinyesi, hapo oxytetracycline ingemsaidia. Ikiwa ni ile ya mkojo mwekundu, anahitaji dawa ya tatu kabisa. Kupe ndiye anayeyaleta magonjwa yote matatu, yote huja na homa na kususia nyasi, na njia ya kuyatenganisha imejulikana tangu enzi za ukoloni: kipimajoto, sindano kwenye tezi iliyovimba, tone la damu ya ncha ya sikio, kioo, rangi ya Giemsa, darubini. Ni vifaa vilevile vya malaria!

Na kama ng'ombe yule alikuwa na ugonjwa wa kiwele? Au alimeza karatasi ya plastiki? Basi mama amelipia sindano mbili za bure, na maziwa yatakayorudi yatapelekwa kwa jirani na kwenye hoteli ya sokoni yakiwa na dawa ndani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lebo ya chupa inataja siku za kumwaga maziwa. Mtoto wa jirani anakunywa chai yenye antibiotiki Jumatatu, na Ijumaa anapelekwa maabara kupimwa Widal. Ulimwenguni kote, mwaka 2019, usugu wa vijidudu kwa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27. Tusijifanye kwamba janga hilo linapikwa nchi nyingine.

Sheria tunayo. Tangu 2011 iko sheria inayosema nani anaruhusiwa kumtibu mnyama na chini ya usimamizi wa nani, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ipo. Wataalamu wa maabara za binadamu wana sheria yao ya 1999 na bodi yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na cha 46 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo. Kifungu hicho hakikuwaacha nje watoa huduma wa serikali. Huduma za afya na za mifugo ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Hakuna tena wa kumsukumia lawama kule Nairobi. Maabara ya uchunguzi ya mifugo tunayoitegemea iko Kericho, karibu kilomita mia moja kutoka Kisii mjini. Mama mwenye ng'ombe anayekufa leo atapanda matatu gani na chupa ya damu mkononi? Kaunti mbili, wafugaji wengi kiasi hiki, na hatujaweza kuchanga pamoja tujenge maabara moja ya mifugo pale Keroka mpakani, mahali ambapo Kisii na Nyamira wangekutana kwa jambo la maana badala ya kugombania ushuru wa soko.

Mkulima wa chai wa Tombe au wa Nyankoba hawezi kuchezewa kwenye mizani. Anasimama kituoni na gunia lake, anautazama mkono wa karani, na nusu kilo ikipotea kutakuwa na kelele mpaka kiwandani. Serikali inaijua hasira hiyo, ndiyo maana mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri kwa mujibu wa sheria. Mashine inayopima damu ya mama mjamzito anayekaribia kujifungua, inayoamua kama ataongezewa damu au la, ni nani aliyeipiga muhuri? Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine hiyo inatakiwa ipimwe kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana; jibu liandikwe kwenye chati; likitoka nje ya mstari, kazi isimame mpaka kosa lipatikane. Waombe wakuonyeshe chati ya mwezi uliopita. Katika maabara nilizoomba mimi, baadhi walinionyesha kwa fahari, na wengine walinitazama kama niliyeomba funguo za nyumba.

Nimeshachoka kuambiwa kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Kenya imeshayafanya. Wapimaji wa virusi vya ukimwi katika vituo vyetu wamekuwa wakitumiwa sampuli za majaribio kutoka maabara ya rufaa ya taifa, sampuli ambazo majibu yake yanajulikana na waliozituma tu. Wanapima, wanarudisha, wanaambiwa wamepata au wamekosa. Mtu hahesabiwi kuwa na virusi kwa kipimo kimoja. Lazima kingine kithibitishe. Tulifanya hivyo kwa kuwa pesa za wafadhili zilikuja na masharti. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na programu nyingi za ukimwi zikayumba ndani ya siku chache tu. Ubora ambao unaishi kwa huruma ya Washington si wetu. Maabara za Afrika zina hata mfumo wa nyota, sifuri hadi tano, uliozinduliwa na ofisi ya WHO ya bara hili mwaka 2009 pale Kigali. Kila maabara ya umma Kisii na Nyamira ikaguliwe kwa mfumo huo, na nyota zake zipakwe mlangoni kwa rangi, hata zikiwa sifuri.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza makosa kutawatia watu hofu, wataacha kwenda hospitali na kukimbilia waganga. Nimeisikia hoja hiyo kutoka kwa watu wenye shahada kubwa na ninaipinga kwa nguvu zote. Watu wameshaanza kuacha. Wanapimwa maabara tatu kwa siku moja, wanapata majibu matatu, wanakaa nyumbani na kujichagulia. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chetu kimeshaanza kusikika. Hofu ya kweli inatokana na kutojua maabara ipi ni ya kuaminiwa, na wapo wataalamu wema, wengi, ambao kazi yao nzuri inazama katika matope ya wenzao kwa sababu hakuna anayewatenganisha.

Kipimo cha haraka cha brusela kinaweza kuondolewa kwenye vituo vya kaunti zote mbili kwa barua moja ya mkurugenzi wa afya, na Rose Bengal, ambayo si ghali, ikachukua nafasi yake. Widal ya mara moja inaweza kupigwa marufuku kuwa sababu ya kuandika sindano. Mpimaji mmoja mwenye uzoefu, mwenye pikipiki na darubini nzuri, anaweza kupita kila mwezi Kenyenya, Etago, Manga na Ekerenyo akisoma upya slaidi zilizochaguliwa bila mpangilio na kuketi na vijana wetu kuwaonyesha walipoteleza. Agroveti isiyo na mtaalamu aliyesajiliwa inaweza kufungwa wiki hii. Ghorofa mpya haihitajiki kwa lolote kati ya haya. Labda ndiyo sababu hayafanywi, maana hayana utepe wa kukata.

Makadirio ya bajeti huwasilishwa kwa mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Nitahudhuria Kisii na nitahudhuria Nyamira. Nitaomba kamati za afya na za kilimo ziweke mezani orodha ya kila maabara na kila agroveti iliyopewa leseni, jina la mtaalamu anayeisimamia, tarehe ya mwisho kazi yake ilipokaguliwa na mtu wa nje, na alama ilizopata. Kama orodha hiyo ipo, isomwe kwa sauti. Kama haipo, mwenyekiti asimame aseme haipo, na aseme hivyo mbele ya watu waliomeza doxycycline kwa wiki sita.